Mimba ya Upande wa Kushoto

Siku nilipoambiwa nina mimba nilikuwa nimekaa juu ya robota la vitenge katika soko la Jabe, Bujumbura, simu sikioni, na mbele yangu mteja akisugua kitambaa cha kijani kwa kidole chenye mate kuona kama kinachuja. Aliyepiga simu alikuwa daktari wangu. Alisema kipimo cha damu kimetoka, na kimetoka vizuri. Nikamwambia yule mteja, "Chukua tu, mama, hakichuji," kisha machozi yakanitoka. Akadhani nimepata habari ya msiba. Akakiweka kitambaa chini taratibu, akanishika bega, akaniambia kwa Kirundi nivumilie, Mungu yupo.

Nilishindwa kumweleza. Aliyeelewa ni jirani yangu wa meza, mama anayeuza maharagwe na ndagala, dagaa wa huku ziwani, ambaye kwa miaka mingi tumelindiana biashara kila mmoja anapokwenda kula.

"Ile dawa imeshika?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akayafunika maharagwe yake kwa gunia, akaingia katikati ya njia na kuanza kucheza, wenye mikokoteni wakimpigia kelele awapishe. Hakuwapisha.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilizaliwa Uvira, Kongo, ng'ambo ya pili ya mpaka, nikavuka na mama yangu nikiwa msichana, na Bujumbura ikanilea. Mume wangu ni Mrundi, mpima ardhi wa serikali, mtu wa maneno machache ambaye hata akitundika picha ukutani huanza kwa kutafuta penseli na rula. Tulikuwa tumekaa katika ndoa miaka minane bila mtoto, katika nyumba ya kupanga Mutanga Nord, na katika miaka hiyo hakuwahi kuniinulia sauti kwa jambo hilo. Walioinua sauti walikuwa watu wengine. Mama yake, anayekaa Gasenyi, hakuinua sauti wala hakunyamaza. Kila tulipomtembelea alinitazama tumboni kwanza, kisha usoni.

Matibabu yalichukua karibu mwaka. Daktari alianza kwa kunipeleka kupigwa picha ya mirija ya uzazi, zile njia mbili nyembamba ambazo yai hupita kutoka kwenye makokwa ya mayai hadi kwenye mji wa mimba. Walinitia dawa ya maji wakaifuata kwa picha. Kulia ilipita bila taabu. Kushoto ilipita kwa kusuasua. "Labda uliwahi kuugua tumbo zamani, madame, ukapona bila kujua," daktari alisema. "Si kitu. Tunaendelea." Akaniandikia vidonge vya kukomaza mayai, na vidonge vilipokataa kufanya kazi akaongeza sindano. Mume wangu alijifunza kunichoma mwenyewe. Kila jioni, saa moja kamili, nilisimama jikoni karibu na jiko, naye akainama, akapima kwa macho mahali pa kuchoma kama anayesimika kigingi cha kiwanja. Mkono wake haukuwahi kutetemeka. Akimaliza alikwenda kukaa barazani peke yake kwa dakika kadhaa, na mimi nilimwacha.

Mwezi wa tatu wa sindano, daktari aliona kwenye mashine mayai mawili yaliyokomaa, moja kila upande. Alifurahi. Alitugeukia mimi na mume wangu akasema, "Bon. Sasa nendeni nyumbani." Mume wangu, ambaye hana aibu ya kusimama mbele ya watu mia wanaogombania shamba, aliinamisha kichwa mpaka tukatoka getini.

Ndiyo maana nililia sokoni.

Baada ya ile simu sikuweza kungoja. Daktari alikuwa amenipa siku ya kurudi kwake, lakini ilikuwa mbali, na mimi nilitaka kuona kwa macho. Nikaingia kwenye zahanati moja karibu na nyumbani, nikaomba ekografia, yaani ile mashine inayoonyesha tumbo kwa ndani bila kukata. Aliyekuwa zamu alinipaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa mara mbili tatu, akaniambia mimba ipo, iko ndani ya mji wa mimba, ndogo bado, nirudi baada ya mwezi. Akanipa karatasi yenye picha. Kwenye picha palikuwa na tundu jeusi dogo kama punje ya haragwe. Nilitembea nayo nyumbani ndani ya Biblia ili isikunjike.

Furaha ya siku zile sijui niielezeje. Nilikula. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kina ladha. Jioni mume wangu aliiweka ile picha chini ya taa, akaitazama kwa lenzi anayosomea ramani, akaniuliza ukubwa wake kamili. Nikamwambia hawakuandika. Hilo lilimsumbua.

Mama mkwe aliletewa habari Jumapili baada ya ibada. Akasema "Yampayinka!" kwa sauti ya chini kabisa, neno ambalo Warundi hulitoa jambo linapowazidi kimo, na akaniamuru nisibebe hata ndoo. Alipoambiwa kwamba nitapigwa picha tena kwa daktari wangu baada ya siku tisa, uso wake ukabadilika.

"Mmeshamwona," alisema kwa Kirundi. "Mnamwangaza tena wa nini? Mtoto ni kama uji ulio motoni. Ukifunua funua chungu, hauivi."

Nakiri nilikuwa upande wake. Picha nilikuwa nayo. Na siku aliyonipangia daktari ilikuwa Jumanne, siku ambayo mzigo wangu wa vitenge ungefika, na mzigo usipopokelewa na mwenyewe hufika umepungua. Isitoshe, siku hiyo ilipokaribia, yalianza maumivu madogo upande wa kushoto, chini ya kitovu, kama mtu anayebonyeza kwa kidole kisha anaachia, na niliogopa wakiniona watanichoma sindano nyingine. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni yale marobota niliyokuwa nikiinua kabla ya kukatazwa.

Daktari alikuwa na sharti moja. Alinipa tangu mwanzo: kila mwanamke aliyeshika mimba kwa dawa zake lazima arudi kwake kupimwa vizuri, hata kama amepimwa kwingine, hata kama anajisikia mzima kama kigongo. Nilimwambia mume wangu Jumatatu jioni kwamba nafikiri nitaliruka sharti hilo.

Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini.

"Sheri wangu, mi napima viwanja miaka kumi na tano," alisema. "Hata siku moja sijapima mara moja nikaandika. Napima kwenda, napima kurudi. Ikitofautiana, naanza upya."

"Lakini huyu ni mutoto, si kiwanja."

"Ndiyo maana."

Basi nikaenda. Jirani yangu wa sokoni akapokea mzigo kwa niaba yangu, akanifukuza kwa mikono miwili kama anayefukuza kuku.

Chumba cha ekografia kwa daktari wangu kiko mwisho wa korido, na ndani huwa giza kidogo kwa sababu ya pazia. Anayeendesha mashine ni mama wa miaka kama sitini, mzaliwa wa Bukavu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Wakati wa kufuatilia mayai nilikuwa nimemzoea. Hazungumzi akifanya kazi. Wanawake wengine humwogopa kwa hilo. Siku ile alinipima kwa ndani, kwa kifaa chembamba, kwa kuwa mimba ikiwa changa huonekana vizuri zaidi kwa njia hiyo. Nilijilegeza, nikatazama dari.

"Angalia hapa," alisema.

Lile tundu jeusi lilikuwa limekua. Ndani yake palikuwa na kitu cheupe, kifupi, na katikati ya hicho kitu pakawa panametameta haraka haraka.

"Ule ni moyo. Mutoto wako. Ameshika pazuri, mu nyumba yake."

Nikacheka kwa sauti. Nikaanza kuinuka, nikitafuta kitenge changu.

"Unaenda wapi?"

"Si tumemaliza, mama?"

"We umemaliza. Mi sijamaliza. Lala."

Nikalala. Akaelekeza kifaa upande wa kulia, akakaa hapo kidogo, akasema, "Kulia iko sawa." Akahamia kushoto. Hapo akavaa miwani. Nilisikia vidole vyake vikibonyeza vitufe, vikisimama, vikibonyeza tena. Akaegemea mbele. Kwa mkono wa pili akanibonyeza tumbo taratibu, na pale alipobonyeza ndipo palipokuwa na kile kidole changu cha siku zote.

"Inauma hapa?"

"Kidogo. Nilibeba marobota."

"Tangu lini?"

"Siku nne."

Alitoka, akarudi na daktari, na wote wawili wakasimama mbele ya kioo cha mashine wakizungumza Kifaransa kwa sauti ndogo. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini maneno mawili niliyapata: mrija, na kushoto. Daktari akatoka kwenda kupiga simu. Yule mama akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nitakuambia kitu. Mutoto wako uliyemuona iko vizuri. Hiyo sijabadilisha. Lakini mayai yako yalikuwa mbili, na yote mbili yameshika. Moja iko mu nyumba. Ingine imekwama mu mrija wa kushoto, haikufika." Akashika ukingo wa kioo. "Unataka nikuonyeshe, ama nikuache?"

Sikujua kama nataka. Mdomo wangu ukasema, "Nionyeshe."

Aligeuza kioo. Kando ya kokwa la mayai palikuwa na duara lenye ukingo mweupe mnene, kama bangili ya mtoto. Nyuma ya mji wa mimba palikuwa na utando mweusi mwembamba. Ile, alisema, ilikuwa damu iliyoanza kuvuja, kidogo sana. Na ndani ya duara, mle ndani kabisa, pakametameta.

"Na huyu naye moyo unapiga?"

"Unapiga."

Daktari alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Nikamwambia yeye, "Basi si mumuhamishe? Mumtoe hapo mumuweke pamoja na mwenzake. Nafasi si ipo?"

Hakucheka, na hilo sitalisahau. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Madame, laiti ningeweza," alisema. "Hakuna mtu duniani anayejua kufanya hivyo." Kisha akanieleza bila haraka. Mrija si mji wa mimba, hautanuki. Ungepasuka, pengine wiki hiyo hiyo, na damu ingemwagika tumboni. Ningeweza kufa, na yule wa ndani angekwenda pamoja nami. Wanawake wengine wenye mimba iliyotunga nje huchomwa sindano ya kuiyeyusha bila kupasuliwa, lakini dawa hiyo haichagui: ingemmaliza na yule aliyeshika pazuri. Kwangu ilibaki njia moja, kunifungua siku ile ile, mrija haujapasuka bado, wautoe na kilichomo.

"Na huyu wa ndani?"

"Tutamgusa kidogo iwezekanavyo. Wengi hupona. Siwezi kukuapia."

Mume wangu aliitwa kwa simu, akafika na viatu vyake vya porini, udongo umekauka hadi kwenye magoti. Alisikiliza yote amesimama. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja tu, kile kitu kina milimita ngapi. Kumi na tisa, yule mama alimjibu. Akaomba kuona. Alitazama kioo kwa muda mrefu, akavua kofia, akatia sahihi karatasi, na alipokuja kunishika mkono niliona ndevu zake zimelowa. Ilikuwa saa sita mchana na nje mwanamke mmoja alikuwa akiuza maembe kwa sauti ya kuimba.

Mama mkwe alikuja na chupa ya uji, ingawa aliambiwa sitakiwi kula. Aliikumbatia chupa ile kwenye benchi la korido saa zote nilizokuwa ndani. Watu walimshauri aiweke chini. Akakataa.

Walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Kutoka kifuani kwenda chini sikuwa na mwili. Mbele ya uso wangu walitundika kitambaa cha kijani, na nyuma yake nilisikia vyuma vikigongana polepole, na daktari akimwuliza msaidizi wake kama mvua ya jana ilimwangushia ukuta wa uani. Ulianguka nusu. Nilishukuru kwa ule ukuta. Niliufuata neno kwa neno, matofali mangapi, fundi nani, kwa maana kama nisingeufuata ningefikiria kile walichokuwa wanakitoa. Kisha mazungumzo yakakoma. Daktari akasema, "Voilà," kwa sauti ya mtu aliyeweka mzigo chini. Akainama upande wangu juu ya kitambaa. "Ulikuwa haujapasuka, madame. Tumewahi."

Asubuhi iliyofuata walinisukuma na kitanda hadi chumba kile kile. Mume wangu alitembea ameshika chuma cha kitanda. Mama mkwe alibaki mlangoni, kwa kuwa bado hakuwa ameafikiana na ile mashine. Yule mama wa Bukavu alinipaka mafuta, safari hii kwa juu na kwa mkono mwepesi, akikikwepa kidonda. Tulingoja. Sidhani niliwahi kungoja kitu namna ile. Halafu akabonyeza kitufe, na chumba kikajaa sauti, taka-taka-taka-taka, kama cherehani ya fundi wa Jabe siku mbili kabla ya Noeli.

"Iko," alisema. "Haikusumbuka hata kidogo. Imelala uzuri kuliko sisi wote."

Nyuma yangu nikasikia kitu kikianguka. Ilikuwa ile chupa ya uji. Mama mkwe alikuwa ameingia, amepita kati yetu, amemshika yule mama mikono yote miwili, na anamwambia "Mwarakoze, mwarakoze", akiinama kila mara kama anayeshukuru kupewa ng'ombe.

Jioni yake yule mama alipita kuniona kabla ya kwenda kwake. Nikamwuliza kwa nini aliendelea kutafuta wakati alikuwa ameshampata mtoto mahali pake. Alivua miwani.

"Zamani, bado sijazeeka, nilipima mwanamuke," alisema. "Naye alikuwa anatumia dawa kama we. Nikaona mutoto mu nyumba, nikafurahi pamoja naye, nikafunga mashine. Nyuma ya siku sita wakamurudisha amebebwa. Alikuwa na wa pili kushoto, kama wako." Akaifuta miwani kwa pindo la nguo. "Yeye alipona. Mutoto apana. Tangu siku ile, nikimuona mutoto mu nyumba, nasema vizuri, na mi naendelea kutembea. Natembea kulia, natembea kushoto. Kwa mutu anayekunywa dawa za mayai, kuona moja haitoshi kunifanya nisimame."

Kisha akanitazama. "Lakini na ile kidole yako ungeisema. Maumivu unayasema, mama. Hata ukiona haya."

Kweli. Hilo nalisema siku hizi kwa kila anayetaka kunisikiliza.

Nisingependa mtu adhani nilitoka hospitali nikiimba. Siku ya nne nyumbani, nikikunja nguo, huzuni ilinijia bila kubisha. Nilimlilia yule wa kushoto. Niliona haya, kwani niliona ni kama kumlalamikia Mungu huku nikiwa nimebeba mtoto. Mama mkwe, aliyekuwa amehamia kwetu na godoro lake na sufuria zake mbili, alinikuta nimekaa chini. Alikaa chini naye, magoti yakilia, akanilaza kichwa mapajani pake.

"Lia, mwana wanje," alisema. "Walikuwa wawili. Hata mimi nimewahesabu wawili. Nikisali nawataja wote."

Sikuwahi kumsikia akiniita mwana wake kabla ya siku hiyo.

Miezi iliyofuata ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyoishi katika nyumba ile. Daktari alinipa dawa za kuimarisha mimba na kunikataza soko kwa wiki sita, na mama mkwe akageuza wiki sita kuwa miezi miwili kwa amri yake mwenyewe. Alinipikia mchicha wa lengalenga na maharagwe, ugali wa muhogo, ndagala zilizotufikia kutoka Jabe kwa mikono ya jirani yangu, aliyekuja kila Ijumaa baada ya soko kunipa habari za nani kagombana na nani. Wawili hawa hawakuwa na lugha moja iliyotosha. Mmoja Kirundi kitupu, mwingine Kiswahili cha Fizi. Lakini walikaa barazani saa nzima wakichambua maharagwe na kucheka, na nikiuliza wanacheka nini kila mmoja alinipa jibu lake. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani mapema kutoka kazini. Alianza kuongea. Mtu yule wa maneno machache alikuwa akikaa upande wa tumbo langu akilieleza siku yake: leo tumepima bonde fulani, mzee mmoja kahamisha mawe ya mpaka, tumemkamata.

Mwezi wa tano wa mimba nilirudi kupimwa, na aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu alikuwa mama mkwe. Aliomba kiti cha mbele. Yule mama wa ekografia akamwonyesha kila kitu kwa kidole: huu uti wa mgongo, hiki kichwa, huu mkono. Mtoto alikuwa amekunja mikono karibu na uso.

"Anasali?" mama mkwe akauliza.

Nikatafsiri. Yule mama, ambaye hazungumzi akifanya kazi, alicheka mpaka picha ikatikisika.

"Mwambie ananyonya kidole."

Nikamwambia. Mama mkwe aliikataa tafsiri hiyo, na hadi leo Gasenyi nzima inajua kwamba mjukuu wake alionekana akisali tumboni.

Alizaliwa msichana, asubuhi ya saa tatu, kwa njia ya kawaida, baada ya uchungu wa usiku mzima ambao sina haja ya kuusimulia kwa sababu kila mama ana wake. Uzito wake ulikuwa wa kutosha na sauti yake ilizidi. Watu walikuja kutuhemba, ndivyo wasemavyo hapa kwa kumpelekea mzazi vyakula na vinywaji, mpaka baraza letu la Mutanga Nord likakosa pa kukanyaga. Yule mteja wa kitambaa cha kijani naye alikuja. Jirani yangu wa Jabe alimtafuta makusudi, ili aone msiba wenyewe ulikuwaje. Alikuwa ameshona gauni kwa kile kitambaa. Kweli hakikuchuja.

Sasa ana miaka minne. Kovu langu limekuwa mstari mweupe, na mrija mmoja umenitosha. Hatukupata mwingine, na hatukurudi kwenye sindano. Tulikaa tukazungumza, tukaona nyumba imejaa. Wanawake sokoni hunijia, mmoja mmoja, wakijifanya wanauliza bei. Mmoja alikuja wiki jana, ana wiki sita, amekunywa dawa zile zile, ameshapigwa picha mahali na kuambiwa mambo ni mazuri. Nikamwuliza, "Waliangalia na pande zote mbili?" Hakujua. Nikamwandikia njia ya kwenda kwa daktari kwenye karatasi ya kufungia. Alikwenda. Kwake kulikuwa na mmoja tu, mahali pake, pande zote safi. Alirudi kuniambia huku akiona haya kwamba amenisumbua bure. Nikamwambia habari ya namna hiyo haijawahi kumsumbua mtu.

Jumamosi tunakwenda Gasenyi. Msichana wangu hukataa kuvaa viatu mara tu tunapopita kona ya mwisho, kwa sababu bibi yake humruhusu kukanyaga udongo. Jumamosi iliyopita niliwakuta wawili hao uani, wameketi juu ya mkeka, wanamenya maharagwe mabichi. Msichana alikuwa akitupa maharagwe kwenye sufuria na maganda mdomoni, na bibi anamfundisha kuhesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu. Kila akifika gatatu msichana alirudi mwanzo. Mume wangu akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, akafumba macho kwenye jua. Nikavua viatu vyangu na mimi.